Mal Evans, Mchukuzi wa Magitaa

Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kunitazama nyumbani Kuze baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na habari iliyomjaa kifuani. Kazi ya kijana huyu ni vyombo vya sauti. Harusi nyingi za hapa Mombasa huitwa yeye kufunga spika na kunyosha waya, na hata mihadhara ya dini haimkosi. Sasa liko kundi la muziki linalomtaka afuatane nalo safari ya miezi minane katika nchi za Ghuba, awe mwangalizi wa vyombo. Mama yake hataki hata kulisikia jambo hilo, naye anataka kuondoka kesho. Basi wakaniletea mimi hukumu, kwa kuwa katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyewahi kuifanya kazi hiyo. Niliifanya Ukambani, na nikaiachia huko huko, katika soko la Masii, wilaya ya Machakos ya zamani zile.

Sikumpa jawabu siku ile. Nilimwambia arudi Ijumaa. Katika siku hizo tatu nikawa namfikiri mtu mmoja aliyekwisha kufa miaka mingi, Mwingereza aitwaye Mal Evans. Katika kazi ya kubeba na kutengeneza vyombo vya wanamuziki wasafirio, ni wachache mno waliopata jina kama lake. Nimeona ni vyema niyaandike maisha yake, mpwa wangu ayasome, na wazazi wengine wenye watoto waliovutwa na kazi kama hizi wayasome pia.

Najua wako wasomaji watakaouliza muziki wa roki una nini na sisi watu wa pwani. Muziki wenyewe si shabaha yangu leo. Nazungumza juu ya jasho, na jasho halina kabila. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipotoka Unguja kwenda Bombay kuimba katika santuri, vyombo havikuingia melini kwa miguu yao. Na usiku wa harusi alipokuwa akiimba marehemu Juma Bhalo, watu walimtazama Bhalo. Aliyepanga viti, aliyefunga kipaza sauti na aliyebaki mpaka alfajiri akikunja waya, huyo hapana aliyemuuliza jina.

FUNDI WA SIMU

Malcolm Evans, ambaye wote walimwita Mal, alizaliwa Liverpool tarehe 27 Mei 1935. Liverpool ni mji wa bandari, na mtu wa Mombasa hana haja ya kuelezwa sana mji wa namna hiyo. Kuna meli na makuli, na mabaharia hurudi na vitu na nyimbo za nchi za mbali. Mal alipokua alipata kazi ya ufundi wa simu katika Posta ya Uingereza. Ilikuwa kazi ya serikali yenye mshahara wa kujulikana, na mwisho wake malipo ya uzeeni. Mwaka 1957 alioa, na mwaka 1961 akapata mtoto wa kiume.

Alikuwa pande la mtu, urefu wake zaidi ya futi sita, mabega mapana na miwani yenye fremu nzito. Mtu asiyemjua angemwogopa. Waliomjua walisema kwamba chini ya mwili ule mkubwa palikuwa na moyo wa mtoto, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kusaidia. Tabia hiyo ndiyo iliyompandisha, na mwisho ndiyo iliyomponza.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, alipita katika kichochoro kiitwacho Mathew Street akasikia muziki ukitoka chini ya ardhi. Akashuka ngazi, akajikuta katika klabu ya Cavern, mahali palipokuwa zamani ghala. Waliokuwa wakipiga ni vijana wa mji ule ule, Beatles: John Lennon, Paul McCartney na George Harrison, ambao mwaka 1962 walikamilishwa na mpiga ngoma Ringo Starr. Tangu siku hiyo fundi wa simu akawa haendi kula ila Cavern. George alipouona ukubwa wa mwili wake akamtaja kwa wenye klabu, na Mal akapewa kazi ya ubawabu nyakati za jioni. Mchana alifunga simu na usiku alilinda mlango.

KIOO KILICHOVUNJIKA

Mwezi wa Januari 1963 dereva wa Beatles, Neil Aspinall, aliugua homa. Mal akaombwa awapeleke vijana London na kuwarudisha. Wakati wa kurudi, usiku wa baridi kali na ukungu, kijiwe kidogo kiliruka kikapiga kioo cha mbele cha gari kikapasuka chote, asiweze kuona njia. Mal alijizongea kofia mkononi, akakisukumia nje kioo kile kipande kwa kipande, kisha akaendelea kuendesha huku upepo wa barafu ukimpiga usoni. Kutoka London mpaka Liverpool ni zaidi ya maili 200. Wale wanne walilala nyuma wakilaliana mmoja juu ya mwingine kama magunia, wapate joto. Hawakumsahau tena. Na Neil alipolipokea gari lake alilikuta limekwisha tiwa kioo kipya.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wakamtaka awe wao moja kwa moja. Mal akaiacha Posta, malipo ya uzeeni na yote, akakubali ujira wa pauni 25 kwa wiki. Wakati huo zilikuwa si fedha mbaya kwa mtu wa kazi. Nami naomba msomaji aishike akilini hesabu hii ya pauni 25, maana tutarudi kwake.

KAZI YENYEWE

Watu hudhani kazi hii ni kubeba tu. Mimi niliyeibeba nasema kubeba ndiyo sehemu iliyo rahisi. Mwangalizi wa vyombo hufika mwanzo na kuondoka mwisho. Hupakua spika, amplifaya, ngoma na magitaa, akavifunga kila kimoja mahali pake, akajaribu waya mmoja mmoja. Uzi wa gitaa ukikatika katikati ya wimbo ni lazima mwingine uwe tayari kabla wasikilizaji hawajatambua. Wenzake wakilala yeye hupakia upya, na wakiamka humkuta mji mwingine.

Mal alitembea na begi lililokuwa kama duka dogo. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za akiba, vidoko vya kupigia gitaa, tochi, dawa ya kichwa, dawa ya koo, hata biskuti. Mmoja akitaka chai saa nane ya usiku, jina lililoitwa ni Mal. Akitaka soksi, ni Mal. Akitaka watu waondoshwe mlangoni, ni Mal.

Kosa alilifanya, na alilijutia. Mwishoni mwa mwaka 1963, walipokuwa na maonyesho huko Finsbury Park, London, gitaa moja la John Lennon lilipotea mikononi mwake. Gitaa lile lilikuja kuonekana baada ya miaka hamsini likiwa mikononi mwa mtu aliyelinunua bila ya kujua asili yake, na mwaka 2015 likauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Mal alikuwa amekwisha kufa miaka 39.

Mwaka 1964 Beatles waliingia Marekani, na dunia ikawa imepata wazimu kwa ajili yao. Tarehe 15 Agosti 1965 walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Fikiri, ndugu msomaji: amplifaya zao zilikuwa za wati 100 tu kila moja, na sauti zao zilipitia spika za uwanja zilizowekwa kwa kutangazia michezo. Kelele za wasichana zilizifunika nyimbo zote hata waimbaji wenyewe wasijisikie. Leo kijana wa Mombasa hufunga nguvu kubwa kuliko hiyo katika harusi ya uani.

Siku chache baadaye, tarehe 27 Agosti, walikwenda Los Angeles nyumbani kwa Elvis Presley. Mal alimpenda Elvis kuliko mwanamuziki yeyote, na kwa siku ile alilipeleka koti lake kwa dobi. Elvis alipotaka kidoko cha kupigia gitaa, Paul alijisifu kwamba Mal hakosi kuwa navyo. Mal akatia mkono mfukoni, kumbe dobi ameishona mifuko yote! Alikimbilia jikoni akavunjavunja vijiko vya plastiki kutengeneza vidoko. Siku aliyokuwa akiingoja maisha yake yote aliimalizia jikoni kwa watu, akivunja vijiko.

Hatari ilikuja Julai 1966 mjini Manila. Beatles hawakutokea katika karamu ya Imelda Marcos, mke wa rais wa Ufilipino, na jambo hilo likahesabiwa kuwa ni dharau kwa taifa. Asubuhi yake ulinzi uliondolewa, na uwanja wa ndege wakakuta watu wa kuwapiga mateke na kuwasukuma. Mal alitanguliza mwili wake mbele ya vijana, akapigwa. Wakafika ndani ya ndege, na huko yeye na mwenzake mmoja wakaitwa washuke kwa sababu ya karatasi. Alipokuwa akishuka alimpa George ujumbe ampelekee mkewe kwamba anampenda, kwani hakutumaini kurudi. Alirudi, lakini mtu hauagi ujumbe kama huo kwa mzaha.

Mwezi uliofuata, tarehe 29 Agosti 1966, walipiga San Francisco onyesho lao la mwisho la safari. Walikuwa wamechoka na kelele.

ALIFIKA KENYA

Hapa ndipo habari inapotujia nyumbani. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 1966, Paul McCartney alikutana na Mal huko Bordeaux, Ufaransa. Wakaendesha gari mpaka Hispania, kisha wakapanda ndege wakaja Kenya. Walitembelea Amboseli chini ya mlima Kilimanjaro, na wakaenda Treetops kule Aberdare, mahali alipokuwa Elizabeth mwaka 1952 siku alipokuwa malkia. Mtu maarufu kama Paul alitembea nchini mwetu kwa utulivu asiokuwa akiupata kwao.

Tarehe 19 Novemba walirudi London kwa ndege. Inasimuliwa kwamba wakiwa angani, katika sinia ya chakula, mlikuwa na vipakiti viwili vya karatasi, kimoja cha chumvi na kimoja cha pilipili manga. Katika mazungumzo yao juu ya vipakiti hivyo, neno likasikika vibaya, likageuka kuwa jina la sajini wa kubuni, Sajini Pepper. Kutokana na jina hilo Paul aliwaza santuri nzima, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyotoka mwaka 1967 na kuhesabiwa miongoni mwa santuri kubwa kabisa za karne iliyopita. Mbegu yake, basi, ilichipuka katika safari ya kutoka kwetu.

Novemba ni mwezi wa mvua za vuli katika Ukambani. Siku wageni hao wawili walipokuwa wakitazama tembo, watu wa Masii walikuwa mashambani wakipanda mahindi na kunde, maana mvua ile ikiwapita hawana nyingine ya kutegemea sawa nayo.

USIKU WANGU MASII

Mimi nilifika Masii mwaka 1979, kijana wa miaka 20. Mjomba wangu alikuwa na duka dogo hapo sokoni, akiuza majani ya chai, sukari na vitambaa, nami nilipelekwa nimsaidie. Waislamu tulikuwa wachache, lakini Wakamba walitupokea kwa wema. Muziki wa gitaa ulikuwa umepamba moto Ukambani wakati ule. Ni siku za akina Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987. Makundi makubwa na madogo yalizunguka sokoni na jenereta zao, kwa kuwa umeme wa waya ulikuwa haujafika sehemu nyingi za mashambani.

Kundi moja dogo, ambalo jina lake nitaliacha, lilipita Masii likimtafuta kijana mwenye nguvu asiyekunywa pombe. Nikaliacha duka la mjomba bila ya kumwaga sawasawa. Kwa miezi mitatu nilibeba spika mbili na jenereta moja, tukatoka Machakos mpaka Wamunyu na kurudi. Wakubwa wetu waliniita ndugu. Nilipouliza juu ya ujira niliambiwa tutapiga hesabu mbele. Nami niliridhika, kwa sababu usiku, muziki ulipoanza na watu wakapiga vigelegele, nilijiona mimi ndiye niliyeiwasha taa.

Tuliporudi Masii, mtu mmoja aliyelewa alimwaga kinywaji juu ya amplifaya ikaungua. Nilikuwa mbali, naongeza petroli katika jenereta. Kulipokucha nililala barazani pa duka nikaamka peke yangu. Gari limeondoka. Nililetewa salamu tu kwamba ujira wangu wa miezi mitatu umekatwa kwa ajili ya amplifaya.

Kwa mjomba niliona haya kurudi. Mama mmoja wa Kikamba, muuza isyo, alinikuta nimekaa juu ya jiwe. Hakunihoji. Alinipakulia bakuli la mahindi na maharagwe, akanipa na nauli ya kufika Machakos, fedha ambazo kwake zilikuwa mauzo ya siku nzima. Nilikwenda nikalala msikitini Machakos, nikapata kazi ya kuchukua mizigo sokoni, na baada ya wiki tatu nikarudi Masii kumlipa. Alikuwa amekwisha kusahau kiasi. Siku hiyo hiyo nikaenda kumwomba mjomba msamaha.

MKONO ULIOMO NDANI YA NYIMBO

Turudi kwa Mal. Baada ya Beatles kuacha safari walijifungia studio, naye akaingia nao. Katika wimbo A Day in the Life wa mwaka 1967 yeye ndiye aliyekuwa akihesabu vipimo kwa sauti ili wapigaji wajue mahali pa kuanzia, na ile kengele ya saa inayosikika ni yeye aliyeitega. Mlio mkubwa wa piano unaoumaliza wimbo huo ulipigwa na mikono kadhaa kwa pamoja, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya Mal. Mwaka 1969, katika mazoezi ya wimbo wenye nyundo, nyundo ya kugonga chuma aliishika yeye.

Si hayo tu. Katika shajara zake, ambazo zilikuja kusomwa baada ya kufa kwake, aliandika kwamba alisaidia kutunga maneno katika baadhi ya nyimbo za Sajini Pepper, na kwamba aliahidiwa sehemu ya mapato. Santuri zilipotoka jina lake halikuwamo katika watungaji. Hakugombana. Alikuwa akiwapenda mno, na mtu akipenda mno huona haya kudai.

Tarehe 30 Januari 1969 Beatles walipopiga juu ya paa la ofisi yao, Savile Row, London, Mal ndiye aliyepanga vyombo, na polisi walipokuja kulalamikia kelele ni yeye aliyewakawiza kule chini. Ndani ya kampuni yao, Apple, aliwatambua vijana waliokuja kuitwa Badfinger, na wimbo wao No Matter What, alioutengeneza yeye studio mwaka 1970, ulipanda mpaka katika kumi bora za Uingereza na Marekani. Mtu huyo, basi, hakuwa mchukuzi mtupu. Alikuwa na sikio, na alikuwa na kipaji.

Lakini nyumbani kwake palikuwa pakavu. Mtoto wa pili, wa kike, alizaliwa mwaka 1966, mwaka ule wa Manila na wa Kenya. Baba alikuwa huonekana kwa siku, akaondoka kwa miezi. Simu ikilia usiku alivaa viatu. Mke hulea watoto peke yake akiwa na mume aliye hai, na hiyo ni eda isiyokwisha.

MWISHO WAKE

Mwaka 1970 Beatles walivunjika. Kila mmoja wa wanne alikuwa na jina, nyimbo na mali. Mal alikuwa na kumbukumbu. Aliachana na mkewe, akahamia Los Angeles, akatafuta kazi za studio na kuanza kuandika kitabu cha maisha yake. Mswada ulikaribia kumalizika. Lakini huzuni ilimlemea, huzuni ya mtu aliyeishi miaka mingi ndani ya kivuli cha wengine, na kivuli kikaondoka.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Januari 1976 alikuwa katika hali mbaya ya akili, ametumia vidonge vya kutuliza na bunduki imo mkononi mwake. Aliyekuwa akiishi naye akaogopa, akaita polisi. Polisi wakamwamrisha aiweke chini bunduki, hakuiweka, wakampiga risasi akafa pale pale. Umri wake ulikuwa miaka 40. Zilibaki siku chache tu autoe mswada wake kwa wachapaji.

Mwili ulichomwa moto kwa desturi ya kwao, na katika wale wanne hakuhudhuria hata mmoja. Majivu yaliyotumwa Uingereza yalipotea kwanza katika posta, kabla ya kupatikana. Huyo ni mtu aliyeanza maisha yake katika Posta! Hakuacha malipo ya uzeeni wala bima. George Harrison alifanya mpango familia ipewe pauni 5,000, na kwa wema huo astahili kutajwa. Lakini wema ni wema, na haki ni haki. Mwenye haki hangoji mpaka tajiri akumbuke.

Mswada nao ulisahaulika. Mwaka 1988 ulionekana katika ghala la chini la wachapaji huko New York, ukarudishwa kwa jamaa zake. Mwaka 2010 karatasi moja yenye maneno ya wimbo A Day in the Life kwa mkono wa Lennon, ambayo zamani ilikuwa mali ya Mal, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.2. Na mwaka 2023 ndipo kitabu kikubwa cha maisha yake kilipotoka, kimeandikwa na Kenneth Womack kwa kutumia shajara zile zile. Hesabu sasa, msomaji, pauni 25 kwa wiki.

JAWABU LA IJUMAA

Wako watakaosema Mal alidhulumiwa, na wako watakaosema alijidhulumu mwenyewe. Mimi naona yote mawili. Wale wanne walimpenda kweli, na ndiyo sababu hawakuiona deni yao. Mtu ukimwita ndugu kila siku, wasahau kwamba ni mfanya kazi wako. Dini yetu imeamrisha ujira ulipwe upesi, kabla jasho halijakauka, na imetuamrisha tuandikiane madeni hata tukiwa ni watu tunaoaminiana. Zamani nilidhani amri ya kuandikiana ni kwa ajili ya wezi. Masii ilinifundisha kwamba ni kwa ajili ya marafiki.

Ijumaa mpwa wangu alikuja baada ya sala, na mama yake pamoja naye. Sikumkataza kwenda. Kazi ya mikono ni ya heshima, na anayewasha taa ana ujira wake kama anayeimba chini yake. Nilimwandikia karatasi ya mambo manne. La kwanza, ujira utajwe kwa tarakimu na siku ya kulipwa itajwe. La pili, chombo kikiharibika ijulikane mapema nani hulipa. La tatu, bima ya ugonjwa na tikiti ya kurudi viwe mkononi kabla hajapanda ndege. La nne halimhusu mwenye kundi bali yeye mwenyewe: kila Ijumaa ampigie mama yake simu, na kila mwezi alete kitu nyumbani, hata kama ni kidogo, asije akarudi akawakuta watu wamezoea kuishi bila yake.

Nikamwambia pia akipita Ukambani asimame Masii, amtafute muuza isyo yeyote pale sokoni, ale, kisha alipe zaidi ya bei. Mama yule amekwisha fariki, lakini deni la namna ile halimalizwi na wiki tatu za kuchukua mizigo.

Karatasi ameipeleka kwa mwenye kundi itiwe sahihi. Mpaka naandika haya haijarudi. Mama yake bado anasema hataki, ingawa jana nimemwona Marikiti akiuliza bei ya masanduku.